Ngazi ni ya Nani?

Ngazi ya jengo la wanafunzi ni ya nani? Swali linaonekana la kipuzi mpaka siku balbu ya ngazini iungue. Mwanafunzi wa ghorofa ya nne anampigia keateka. Keateka anasema hajapewa pesa ya balbu, ongea na ajenti. Ajenti anasema mteja wake ana studio moja tu, ya ghorofa ya pili, na taa za studio hiyo zinawaka zote; mambo ya ngazi ni ya kamati. Kamati haijakutana tangu Disemba. Mwenye studio ni mtu mzuri tu, mwalimu wa sekondari Nyeri au nesi kule Doha, aliyenunua kwa mkopo wa sacco na hajawahi kulala ndani ya jengo hilo hata usiku mmoja. Wiki tatu zinapita watu wakipanda kwa tochi ya simu. Balbu yenyewe haifiki shilingi mia tatu.

Kila mtu katika mlolongo huo kasema ukweli, na giza limebaki palepale. Nitasema hoja yangu mapema ili asiyeitaka aachie hapa: katika majengo yanayouzwa chumba kimoja kimoja na kukodishwa wanafunzi, kile kinachoitwa mali ya pamoja ni cha pamoja kwa watu wasiokitumia. Anayekitumia kila siku hana hata kura ya balbu. Kosa hilo limo katika sheria na katika mikataba, na linaweza kurekebishwa. Wanaofaidika nalo wanatuzuga ati tatizo ni tabia za wanafunzi.

Kwa asiyeyajua majengo haya, panda matatu ya Thika Road ushuke popote kati ya Roysambu na Juja. Ama zunguka upande wa Madaraka. Utaona majengo marefu yenye madirisha madogo yaliyopangwa kama masega ya nyuki, na bango kubwa linalokuambia ununue studio, ukae kitako, kodi iingie. Ploti ya zamani ilikuwa na landilodi mmoja, mara nyingi mzee mwenye kofia na daftari, na ubaya wake ulikuwa na sura. Ulijua mlango wa kugonga. Hata hosteli kubwa za kisasa zilizo chini ya mwekezaji mmoja, kama zile za Qwetu ambazo tangu 2021 zimekuwa na mfuko wa uwekezaji ulioidhinishwa, zina mahali pamoja pa kupeleka malalamiko, upende usipende jibu utakalopewa. Ninayoyasema hapa ni yale mengine. Mstawishaji anauza vyumba kabla hata msingi haujakauka, kila mnunuzi anapata hati yake, kisha wanunuzi wanamkabidhi ajenti funguo. Ajenti anajaza wanafunzi, wawili wawili, anakata asilimia yake na kutuma iliyobaki. Mstawishaji huyo amekwisha kwenda kuchimba msingi mwingine.

Sheria inayotawala mambo haya Kenya ni ile ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 1987. Kabla yake watu wengi walionunua nyumba za ghorofa walipewa mkataba wa kukodi wa miaka mingi, huku ardhi ikishikiliwa na kampuni ya usimamizi. Wapo waliogundua baada ya miaka kwamba mstawishaji bado ana mkono wake kwenye ua, kwenye paa, kwenye kila kitu isipokuwa kuta nne walizolipia. Sheria mpya iliwapa hati ya moja kwa moja. Ilikuwa hatua nzuri, nasema bila kinyongo. Uganda walikuwa na yao tangu 2001, Tanzania Bara 2008, Zanzibar 2010. Zote zimejengwa juu ya mtu mmoja: mwenye hati.

Hebu tazama jinsi sheria hiyo ya Kenya inavyotafsiri mali ya pamoja. Inaitafsiri kwa kutoa. Kila kilichomo katika kiwanja na hakimo ndani ya sehemu ya mtu binafsi, hicho ni cha pamoja. Yaani ngazi, lifti, tangi la maji, paa, geti, ua na mtaro ni masalio ya ramani, kilichobaki watu walipomaliza kugawana. Masalio hayo wanayamiliki wenye sehemu wote, kila mmoja kwa kadiri ya kipimo cha sehemu yake, na nguvu ya kura huenda na kipimo hicho. Jengo likisajiliwa, linazaliwa shirika la wamiliki, ambalo kazi yake ni kulikatia bima, kulikarabati na kukusanya ada. Ukiwa na studio kumi, sauti yako ni ya watu kumi. Ukiwa umeishi humo miaka minne bila hati, sauti yako ni ya mtu asiyekuwepo.

Mwanafunzi anakuja kuonekana kwenye mkataba wa upangaji. Humu tunapenda kusoma maandishi kwa jicho kali, basi nilichukua mikataba mitatu niliyoletewa na wanafunzi wa majengo matatu tofauti nikaisoma kama ninavyosoma hadithi fupi: nani anazungumza, nani anatenda, nani anatendewa. Yote mitatu imeandikwa kwa Kiingereza kigumu ambacho mpangaji hakizungumzi, keateka hakizungumzi, na naapa hata wakili aliyeinakili hakizungumzi akiwa nyumbani kwake. Mwenye chumba kapewa kitenzi kimoja kitamu: anaweza. Anaweza kukagua, anaweza kupandisha, anaweza kukatiza. Mpangaji kapewa vitenzi vya kukanusha. Hatapika kwa jiko la mkaa. Hatafua kwenye roshani. Hataketi ngazini. Hatapokea mgeni baada ya saa nne za usiku. Katika mmoja wa mikataba hiyo, hatakusanyika na wenzake zaidi ya kumi ndani ya kiwanja.

Eneo la pamoja lenyewe linatajwa mara mbili tu katika mkataba mrefu kuliko wote. Mara ya kwanza ni mahali ambapo vitu vya mpangaji vikikutwa vitaondolewa kwa gharama yake. Mara ya pili ni katika hesabu, kwamba ada ya kulitunza imeshajumlishwa katika kodi. Basi. Lipo kwa ajili ya kulilipia na kwa ajili ya kufukuzwa. Kama huyo angekuwa mhusika wa riwaya, mhakiki angesema mwandishi hamjui mhusika wake.

Neno lenyewe linanikera. Pamoja na nani? Kwa Kiswahili pamoja ni neno lenye watu ndani yake. Huwezi kula pamoja bila mtu wa pili mezani. Lakini hapa tumekubali mahali paitwe pa pamoja ilhali wenye kupaita hivyo wako Nyeri na Doha, na wanaokutana hapo wakibeba mitungi ya maji wanahesabiwa kama mizigo iliyoachwa njiani.

Nimetaja maji kwa makusudi. Huwezi kuelewa ugomvi huu mpaka uelewe hesabu yake, na hesabu yake si ya mtu mbaya. Chukua jengo la mfano lenye studio 80, kila moja inaleta shilingi 15,000 kwa mwezi. Tangi ni dogo, lilipimwa kwa mtu mmoja kila chumba, na sasa wamo wawili. Kununua tangi la pili na pampu, ada ya kila mmiliki inapaswa kupanda, tuseme, shilingi 500 kwa mwezi kwa mwaka mmoja. Mmiliki anaona 500 zikitoka mfukoni mwake. Faida anaiona nani? Mwanafunzi, ambaye hatalazimika kuamka saa kumi alfajiri kukinga ndoo. Je, chumba kitakosa mpangaji kwa sababu ya tangi dogo? Hakitakosa. Chuo kiko dakika kumi kwa miguu, na kila Septemba wanashuka vijana wengine na masanduku yao. Ajenti naye analipwa kwa asilimia ya kodi inayoingia, na ngazi haiingizi kodi. Mstawishaji keshalipwa. Kwa hiyo hakuna mtu hata mmoja mwenye kura ambaye maisha yake yanakuwa mazuri zaidi maji yakipatikana. Msitafute shetani, tafuteni hesabu.

Ukiielewa hesabu hiyo, yanayofuata hayakushangazi. Katika jengo moja nililolitembelea, picha za matangazo zilionyesha chumba cha kusomea cha sakafu ya chini, chenye meza na rafu na mmea kwenye chungu. Nilipofika nilikuta kimekatwa kwa mbao za jasi vikawa bedsita mbili, na nguo za mtu zimeanikwa dirishani. Kamati ya wamiliki ilikuwa na maelezo, tena ya maana: hesabu za jengo zilikuwa na pengo, kodi ya bedsita hizo inamlipa mlinzi wa usiku. Wamiliki walipiga kura mtandaoni. Wanafunzi walijua waliporudi kutoka likizo. Mmoja wao, wa mwaka wa tatu uhandisi, aliniambia alichagua jengo hilo na si lile la jirani, ambalo ni rahisi zaidi, kwa sababu ya kile chumba. Sasa anasomea ngazini, anapohamishwa na mlinzi ambaye mshahara wake unatoka katika chumba alichonyang'anywa. Kama kuna sheria iliyovunjwa pale, mwenye haki ya kulalamika ni mmiliki mwenzao. Yeye hana pa kusimama.

Nataka tukae kidogo hapo, kwenye kusimama na kuketi.

Waliosoma vyuo vikuu vya umma hapa Kenya wanajua kamukunji. Kamukunji ni uwanja, uko Nairobi upande wa mashariki, na Julai 7, 1990, Saba Saba, watu walijaribu kukutana hapo kudai vyama vingi ilhali serikali imepiga marufuku. Neno likatoka uwanjani likahamia chuoni. Sasa kamukunji ni mkutano wa wanafunzi wenyewe, wa kuitana, usio na barua ya ruhusa: mbele ya bweni, kwenye ngazi za ukumbi, usiku, mtu kapanda juu ya kiti anasema karo imepanda au wali una mawe. Mabweni ya zamani yalikuwa na uchafu wake, kunguni wake, na milango isiyofungika. Lakini yalikuwa na mahali pa kusimama watu mia mbili wakasikilizana. Serikali ilipoanza kujitoa katika kulipia chakula na malazi miaka ya 1990, na baadaye wanafunzi wakawa wengi kuliko vitanda, tuliuhamisha usingizi wao kwenye soko. Sikumbuki mtu yeyote akiuliza kamukunji itahamia wapi. Jibu limo kwenye mkataba: zaidi ya kumi hapana.

Na kabla ya kamukunji kulikuwa na baraza. Katika nyumba kuu za kale za Lamu, hujafika ndani unakutana na daka, kijiukumbi cha mlangoni chenye viti vya mawe pande zote mbili. Kimejengwa na mwenye nyumba, ni mali yake, hakuna anayebisha. Ila anayekikalia ni jirani, mpita njia, mwenye shida, mwenye habari. Nje huko barazani ndiko mambo yalikozungumzwa, na ndiyo maana neno lile lile la kiti cha mlangoni tunalitumia kwa Baraza la Mawaziri na kwa baraza la chifu. Lugha hii haikuona ajabu mahali pa kukaa na chombo cha kuamua kuwa na jina moja. (Najua, nyumba hizo zilikuwa na watumwa ndani, na wanawake hawakuwa na nafasi ya kukaa dakani wakasikilizwa. Siuzi ngano ya zamani njema. Nasema tu kwamba mjenzi wa wakati ule, pamoja na ubabe wake wote, alijua kuna sehemu ya nyumba ambayo ni ya wasio na nyumba.)

Kila nikiuandika upande huu najibiwa hoja tatu, na moja wapo ina uzito.

Ya kwanza ni kwamba wanafunzi huharibu. Bwana, wengine huharibu kweli. Nimeona sinki lililozibwa kwa tambi, nimeona lifti iliyochorwa kwa msumari, nimeona kochi la eneo la mapumziko lenye tundu la pasi. Lakini hebu niambie, katika jengo lile la chumba cha kusomea, aliyefanya uharibifu mkubwa zaidi wa eneo la pamoja ni nani? Tundu la pasi ni la sentimita kumi. Mbao za jasi zimemeza chumba kizima, kwa kura, kwa kumbukumbu za kikao zilizotiwa sahihi. Mtu halindi kitu anachojua kinaweza kuondolewa kesho bila kuulizwa. Ukimpa wajibu wa ufagio umnyime neno, utapata ufagio uliosimama pembeni.

Ya pili, kwamba mwanafunzi ni mpita njia. Leo yupo, baada ya miaka minne hayupo, vipi apewe kura juu ya jengo litakalosimama miaka hamsini? Hii inasemwa kwa sauti ya hekima, na haina hekima yoyote. Wanafunzi hupita, mwanafunzi habanduki. Chumba kile kitakuwa na kijana wa miaka ishirini mwaka ujao, na mwaka wa kumi kutoka sasa, na shida zake zitakuwa zile zile: maji, usalama, mahali pa kusomea, taa. Mbunge naye anakaa miaka mitano. Na mwekezaji mwenyewe je? Bei ikipanda anauza kesho asubuhi. Kati ya wawili hao, nani mpita njia?

Ya tatu ndiyo nzito. Wamiliki hawa wengi si matajiri. Mwalimu yule wa Nyeri anakatwa mkopo kila mwezi, na kodi ikichelewa anakula hasara. Kuna mmoja aliyeniambia kwa uchungu kwamba studio hiyo ndiyo pensheni yake, na ati mimi mwandishi wa habari nisiyemiliki hata kibanda namfundisha ukarimu kwa pesa zake. Sikumcheka. Lakini mzee huyo naye kaingizwa mtegoni na mpangilio huu huu. Anamiliki sehemu ndogo ya ngazi ambayo haijui, anaamuliwa na mwenye studio kumi na tano, na habari za jengo lake anazisikia kwa ajenti ambaye hapendi kumpa mbaya. Methali yetu inasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwalimu anahitaji mtu anayelala pale amwambie habari za kunguni kabla ukuta haujapasuka na hati yake haijashuka thamani. Mtu huyo yupo, analipa kodi, na mlango wa kikao umefungwa asiingie.

Kuna wanaosema sheria nyingine zinamlinda mpangaji. Zipi? Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ile inayompa mpangaji mahakama yake maalum, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nitafutie studio ya shilingi 2,500 karibu na chuo chochote Nairobi, nitahamia mimi mwenyewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na viwango vinavyofaa vya usafi. Ni maneno mazuri, na mwanafunzi mwenye pesa za HELB zilizochelewa atampeleka nani mahakamani kwa ajili ya tangi? Wamiliki themanini?

Na si tangi peke yake. Katika majengo mengi ya aina hii mlango wa paa hufungwa kwa kufuli, na mara nyingine ngazi ya pili, ile ya nyuma ya dharura, hufungwa pia. Sababu ninayopewa huwa moja: kuna watu wanaingilia huko, wezi, wageni, wavutaji bangi. Nchi hii ina kumbukumbu ya kufuli. Machi 2001, pale Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67 walikufa katika bweni lililochomwa moto. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Tangu hapo tumejifunza, angalau kwa mdomo, kukagua mabweni ya shule. Mabweni ya watu wazima yanayoitwa studio hayamo katika mazungumzo hayo. Ufunguo wa ngazi ya nyuma anao keateka, keateka analala sakafu ya chini, na uamuzi wa kuufunga mlango ulipitishwa na watu ambao moto ukiwaka watapata habari kwenye simu.

Sasa, sidai wanafunzi wapewe hati. Sidai wapige kura ya kuuza jengo, kukopa kwa dhamana yake wala kubadilisha bima. Hayo ni ya mwenye mali, abaki nayo. Nadai kitu kidogo ambacho hakimfilisi mtu. Shirika la wamiliki katika jengo linalokaliwa na wanafunzi liwe na viti vya wakazi, waliochaguliwa na wakazi wenyewe kila mwaka wa masomo, wenye kura katika mambo ya matumizi: saa za geti, maji, usafi, ulinzi, taa, funguo. Kubadilisha eneo la pamoja kuwa chumba cha kukodisha kusipite bila wakazi kusikilizwa kwanza kikaoni, ana kwa ana, siyo kwa tangazo lililobandikwa Agosti watu wakiwa kwao. Hesabu za ada zibandikwe mlangoni, kwa Kiswahili, shilingi iliyoingia na iliyotoka. Anayelipa ndani ya kodi amelipa, hata kama risiti imeandikwa jina la mwingine. Na chochote kilichoonyeshwa kwenye picha za kukodisha, iwe chumba cha kusomea ama paa la kuanikia nguo, kiandikwe kwenye mkataba kuwa sehemu ya kile mpangaji alichokodi, ili kikiondolewa kodi ishuke.

Bunge si lazima lingojewe. Wamiliki wana uwezo wa kujiwekea kanuni za ndani za jengo lao. Vyuo navyo vinaweza kusaidia, maana vingi huwaelekeza wanafunzi wapya kwenye hosteli za nje. Chuo kikikataa kuelekeza mtu kwenye jengo lisilo na kiti cha mkazi, ajenti atalielewa somo hilo haraka kuliko sheria yoyote. Na waandishi wenzangu wa hadithi, samahani, na ninyi nina neno nanyi. Hadithi za wanafunzi wa Nairobi ninazosoma siku hizi zote zinatokea ndani ya chumba: kitanda, simu, mpenzi, dirisha. Nzuri nyingine. Lakini mnapita ngazini kila ukurasa wa tatu na hamjawahi kusimama hapo kuuliza kwa nini pana giza.

Nilimwandikia mwenyekiti wa kamati ya lile jengo la chumba cha kusomea nikimuuliza kama wakazi wanaweza kuhudhuria mkutano wa mwaka, hata kama wasikilizaji. Alinijibu kwa adabu, siku hiyo hiyo, kwamba mkutano ni wa wamiliki na ni wa mtandaoni, na kwamba kamati inawajali sana wanafunzi. Alinitumia na ajenda. Jambo la kwanza ni rangi ya geti. Wanaochagua ni kati ya kijivu na maziwa. Wanafunzi nao wameitana kamukunji Alhamisi usiku, pale chini panapoegeshwa magari. Ujumbe unaozunguka kwenye simu zao unasema wajitokeze kwa makundi ya tisa tisa, wasimame mbalimbali kidogo, na kila mtu abebe tochi.